Ardhi Moja, Mataifa Mawili: Asili na Matunda ya Vita vya Waarabu na Waisraeli

Katika kambi za wakimbizi za Lebanoni, za Yordani na za Gaza, jamaa nyingi zimetunza ufunguo mmoja wa chuma, mzito, wenye kutu. Ni ufunguo wa nyumba ambayo wazee wao waliiacha mwaka 1948. Mara nyingi nyumba yenyewe imekwisha kubomolewa, ama yakaliwa na watu wengine. Mlango haupo tena, lakini ufunguo hutoka mkononi mwa bibi na kuingia mkononi mwa mjukuu, kama urithi. Na ng'ambo ya mpaka, katika nyumba nyingi za Waisraeli, mna kitu cha namna nyingine: picha za zamani za mababu, mashangazi na watoto wadogo wa Polonia na wa Ujerumani, waliouawa wakati wa vita kuu ya pili, wala hawana kaburi.

Msomaji mpenzi, ukitaka kufahamu vita vya Waarabu na Waisraeli, anzia hapo, kwenye ufunguo na kwenye picha. Kila upande una msiba wake wa kweli. Na ubaya mkubwa ni huu, kwamba kila upande wajua msiba wake kwa moyo, bali msiba wa mwenzake wauona kuwa hadithi tu.

Kwetu watu wengi husikiliza redio na kuzigombania habari hizo kama wagombaniavyo mchezo wa mpira: huyu ni wa upande huu, yule ni wa upande ule. Wengine husema: «Ni ugomvi wa Isaka na Ismaeli, ulianza zamani za Abrahamu, nao hautakwisha kamwe.» Sivyo. Kwa karne nyingi Waarabu na Wayahudi walikaa pamoja katika miji ya Bagdad, Kairo na Yerusalemu, wakiuziana na kununuliana, pasipo vita vya namna hii. Vita hivi vina mwanzo wake, vina tarehe, vina sababu ambazo mtu aweza kuzihesabu kwa vidole. Na jambo lililoanzishwa na wanadamu, wanadamu waweza kulikomesha.

NCHI YENYEWE

Kwanza tuitazame nchi. Tangu mto Yordani mpaka Bahari ya Kati, Palestina yote ni kilometa za mraba kama 27,000 hivi. Ziwa letu la Tanganyika peke yake lapita 32,000. Basi nchi yote wanayoigombania mataifa mawili ingezama katika Ziwa Tanganyika, na maji yangebaki. Tena sehemu ya kusini ni jangwa, na maji ya kunywa na ya kunyweshea mashamba ni haba.

Wayahudi walikuwa na ufalme wao huko zamani. Warumi waliliharibu hekalu lao mwaka 70, wakauzima uasi wao wa mwisho mwaka 135, na wengi wakatawanyika duniani. Katika karne ya 7 Waarabu waliitwaa nchi. Na tangu mwanzo wa karne ya 16 ilitawaliwa na Waturuki, miaka 400. Mwishoni mwa karne ya 19 wenyeji walio wengi walikuwa Waarabu: Waislamu wengi, Wakristo pia si haba. Wayahudi walikuwamo, lakini wachache.

SABABU YA KWANZA: MATESO YA WAYAHUDI HUKO ULAYA

Mbegu ya ugomvi haikupandwa Palestina, ilipandwa Ulaya. Huko Wayahudi walidharauliwa na kuonewa muda wa karne nyingi. Katika nchi ya Urusi, tangu mwaka 1881, makundi ya watu yalivamia mitaa yao, yakaua na kuchoma nyumba. Ndipo mwandishi wa gazeti wa mji wa Vienna, jina lake Theodor Herzl, alipofikiri kwamba Wayahudi hawatapata raha mpaka wawe na nchi yao wenyewe. Mwaka 1896 alitoa kitabu juu ya shauri hilo, na mwaka 1897 akakusanya mkutano wa kwanza katika mji wa Basel, Uswisi.

Hapa msomaji wa Afrika atashangaa. Mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wayahudi shauri la kukaa Afrika Mashariki, katika nyanda za juu za Uasin Gishu, zilizo leo nchi ya Kenya. Wenyeji wa nyanda hizo hawakuulizwa neno. Mwaka 1905 mkutano wa Wayahudi ulilikataa shauri hilo, kwa kuwa mioyo yao ilitaka nchi ya wazee wao. Lakini jambo hilo lafundisha: wakubwa wa siku zile walizoea kugawa ardhi za watu kama mtu agawavyo karanga.

SABABU YA PILI: AHADI NYINGI JUU YA SHAMBA MOJA

Wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza walitafuta marafiki wa kuwasaidia kupigana na Waturuki. Mwaka 1915 na 1916 waliandikiana barua na Hussein, mkuu wa Maka, wakimwahidi kwamba Waarabu watapata uhuru wao; naye alisadiki kwamba Palestina imo katika ahadi hiyo. Mwaka 1916 walipatana kwa siri na Wafaransa jinsi ya kugawana nchi hizo hizo. Na tarehe 2 Novemba 1917 waziri wao Balfour aliandika barua ya kuwaahidi Wayahudi makao ya taifa lao katika Palestina, pasipo kudhuru haki za wenyeji wengine.

Mababa, mwajua wenyewe mambo ya mashamba. Chifu akimwahidi mtu shamba, kisha akamwahidi mwingine shamba lile lile, naye akaligawa kwa siri na jirani, je, siku ya kulima itakuwaje? Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Waingereza waliposhika utawala wa Palestina, Wayahudi walizidi kuingia. Walinunua ardhi, mara nyingi kwa matajiri waliokaa mbali, kama vile Beyruti, nao wakulima maskini walioilima tangu babu zao wakaondoshwa. Mnunuzi alikuwa na karatasi, mkulima alikuwa na jembe, na kila mmoja alijiona mwenye haki.

Chuki ikapata chakula. Mwaka 1929 Waarabu waliua Wayahudi zaidi ya 60 katika mji wa Hebron, ambamo watu hao walikuwa wamekaa tangu zamani. Tangu mwaka 1936 hadi 1939 Waarabu waliwaasi Waingereza, na uasi ukazimwa kwa ukali mkubwa.

SABABU YA TATU: MAUAJI YA WAYAHUDI NA KURA YA 1947

Katika vita kuu ya pili, serikali ya Hitler iliua Wayahudi milioni 6. Neno hili lisisomwe upesi upesi. Waliuawa wanaume, wanawake na watoto wachanga, si kwa kosa lolote, ila kwa kuwa ni Wayahudi. Waliosalia hawakutaka tena kukaa katika nchi zilizowaua ndugu zao, na nchi nyingine nyingi ziliwafungia mlango. Basi walikimbilia Palestina, hata kwa meli mbovu, hata kwa kuvunja sheria ya Waingereza.

Waarabu nao waliuliza swali ambalo si jepesi kulijibu: «Wazungu ndio waliowaua. Mbona sisi ndio tulipe?»

Waingereza walipochoka waliutua mzigo mbele ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 29 Novemba 1947 mkutano mkuu ulipiga kura: 33 walikubali, 13 walikataa, 10 hawakuchagua upande. Nchi igawanywe mara mbili, dola ya Wayahudi na dola ya Waarabu, na Yerusalemu uwekwe chini ya ulinzi wa mataifa yote. Wayahudi, waliokuwa kama theluthi moja ya watu, walipewa zaidi ya nusu ya ardhi, na sehemu kubwa yake ilikuwa jangwa. Wao walikubali, Waarabu walikataa. Kesho yake damu ilianza kumwagika.

VITA BAADA YA VITA

Vita vya 1948. Tarehe 14 Mei 1948 David Ben-Gurion alitangaza dola ya Israeli. Siku ya pili yake majeshi ya Misri, Yordani, Siria, Lebanoni na Iraki yaliingia. Israeli ilipoteza watu kama 6,000, yaani mtu mmoja katika kila mia. Lakini ilishinda, na mwaka 1949 ilishika zaidi ya robo tatu za nchi. Yordani ilitwaa ukingo wa magharibi wa mto, Misri ilitwaa Gaza. Waarabu kama 700,000 walikuwa wamekimbia au kufukuzwa, hasa baada ya habari za mauaji ya kijiji cha Deir Yassin, mwezi wa Aprili 1948. Hao ndio wenye funguo. Hata mpatanishi aliyetumwa na Umoja wa Mataifa, Folke Bernadotte wa Uswidi, aliuawa Yerusalemu na Wayahudi wenye siasa kali, Septemba 1948.

Vita vya 1956. Gamal Abdel Nasser, mkuu wa Misri, aliutangaza Mfereji wa Suez kuwa mali ya taifa lake. Uingereza na Ufaransa zilikasirika. Zikapatana kwa siri na Israeli, nazo zikashambulia. Lakini Marekani na Urusi ziliwalazimisha kuacha. Ndipo majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipowekwa kati ya Misri na Israeli.

Vita vya 1967. Kabla yake palikuwa na ugomvi wa maji ya mto Yordani na mapigano ya mpakani na Siria. Mwezi wa Mei Nasser aliwaondosha askari wa Umoja wa Mataifa, akafunga njia ya meli za Israeli katika mlango wa bahari wa Tiran. Tarehe 5 Juni asubuhi ndege za Israeli ziliziteketeza ndege za Misri zingali chini. Kwa siku 6 tu Israeli ilitwaa jangwa la Sinai, Gaza, ukingo wa magharibi wa Yordani, mji wa kale wa Yerusalemu na milima ya Golan ya Siria. Ushindi huo mkubwa ulizaa shida kubwa: tangu siku ile Israeli ilitawala watu ambao hawakuitaka.

Vita vya 1973. Tarehe 6 Oktoba, siku ya mfungo mkuu wa Wayahudi, tena katika mwezi wa Ramadhani, Misri na Siria zilishambulia ghafula ili kurudisha ardhi zao. Israeli ilipoteza askari zaidi ya 2,500, na Waarabu wengi kupita hao. Hakuna aliyeshinda kabisa.

Baadaye vita vilibadilika sura. Havikuwa tena vita vya dola na dola tu, bali vya majeshi na vikundi, mitaani mwa miji, katikati ya watu. Mwaka 1982 Israeli iliingia Lebanoni kuwafukuza wapiganaji wa Kipalestina. Mwezi wa Septemba wanamgambo wa Kilebanoni, walioitwa Wakristo, wakawaua raia katika kambi za Sabra na Shatila. Mwaka 1987 vijana wa Kipalestina waliasi kwa mawe, na tangu mwaka 2000 kwa mabomu na bunduki. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas walitoka Gaza, wakaua watu kama 1,200 katika Israeli na kuteka wengine kama 250. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo wageni pia, hata vijana wa Tanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Israeli ikajibu kwa vita vilivyoibomoa sehemu kubwa ya Gaza, mahali padogo penye watu zaidi ya milioni 2. Mpaka silaha ziliponyamazishwa kwa mapatano ya Oktoba 2025, wizara ya afya ya Gaza ilikuwa imehesabu maiti zaidi ya 60,000, na wengi wao wanawake na watoto.

MATUNDA YAKE KWA WENYE NCHI

Tunda la kwanza ni ukimbizi. Umoja wa Mataifa uliunda ofisi ya kuwasaidia wakimbizi wa Palestina mwaka 1949, ukidhani ni kazi ya muda mfupi. Leo wameandikwa humo zaidi ya milioni 5, watoto na wajukuu wa wale wa kwanza. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa kambi ni nini. Tuliona mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu wakivuka mpaka kuingia Goma na Bukavu, na wengi wetu tumebeba wenyewe godoro kichwani. Twajua jinsi hema la mwezi mmoja liwezavyo kuwa nyumba ya miaka.

Lakini tusisahau wakimbizi wengine, wasiotajwa sana. Baada ya 1948 Wayahudi wa Iraki, Yemeni, Misri, Moroko na nchi nyingine za Waarabu walitishwa ama kufukuzwa, wengine wakaondoka kwa hiari. Mamia ya maelfu wakahamia Israeli. Jumuiya zilizokaa Iraki kwa miaka zaidi ya elfu mbili zikakoma katika muda wa kizazi kimoja.

Tunda la pili ni ardhi iliyotwaliwa. Katika ukingo wa magharibi wa Yordani, Israeli imejenga vijiji na miji ya watu wake. Humo wakaa sasa Waisraeli zaidi ya 500,000, bila kuwahesabu wale wa Yerusalemu ya mashariki. Mataifa mengi yasema kwamba ni kinyume cha sheria, Israeli yakataa. Na kila nyumba mpya inayojengwa yafanya mgawanyo wa haki uwe mgumu zaidi.

Tunda la tatu ni hofu. Mtoto wa Israeli hufundishwa mapema njia ya kukimbilia shimo la kujificha. Mtoto wa Gaza hana shimo la kukimbilia. Wote wawili wakua wakimwona jirani kama mnyama wa mwituni.

MATUNDA YAKE KWETU AFRIKA

Wahenga walisema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Baada ya vita vya 1967 Mfereji wa Suez ulifungwa miaka 8, hadi Juni 1975. Meli za kutoka Ulaya kwenda Mombasa na Dar es Salaam ililazimu kuzunguka Afrika yote ya kusini, na bei ya vitu ikapanda pamoja na safari.

Mwaka 1973 nchi za Waarabu zenye petroli ziliwanyima petroli marafiki wa Israeli. Pipa lililokuwa likiuzwa karibu dola 3 lilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Mwarabu alitaka kumwadhibu Mwamerika, lakini fimbo ilimpata pia maskini wa Afrika. Lori likinywa petroli ghali, chumvi na sabuni huwa ghali sokoni. Nchi yetu, iliyoitwa Zaire siku zile, ilipata pigo mara mbili: petroli ilipanda, na tangu 1974 bei ya shaba ya Katanga ikaanguka.

Katika siasa pia tuliguswa. Mobutu, aliyekuwa amejifunza kuruka kwa mwavuli huko Israeli mwaka 1963, alitangaza katika Umoja wa Mataifa, tarehe 4 Oktoba 1973, kwamba anavunja urafiki na Israeli: kati ya rafiki na ndugu yake Mmisri, alisema, amemchagua ndugu. Kufikia mwisho wa mwaka huo zaidi ya nchi 20 za Afrika zilikuwa zimevunja uhusiano nayo. Mwaka 1982 Mobutu alirudisha urafiki huo, wa kwanza katika wale waliouvunja. Na mwaka 1976 vita vilifika mpaka kando ya Ziwa Viktoria: ndege ya Wafaransa iliyotekwa ilitua Entebbe, Uganda, na askari wa Israeli walikuja usiku kuwaokoa mateka wao.

JE, AMANI HAIWEZEKANI?

Yawezekana, maana ilikwisha kuonekana. Mwezi wa Novemba 1977 Anwar Sadat, mkuu wa Misri, yule yule aliyeanzisha vita vya 1973, alipanda ndege akaenda Yerusalemu kusema na adui zake ana kwa ana. Mwaka 1978, kwa siku 13 huko Camp David, Sadat na Menachem Begin walibishana mbele ya Rais Carter wa Marekani mpaka wakapatana. Mwaka 1979 walitia sahihi. Mwaka 1982 Misri ilikuwa imekwisha kurudishiwa Sinai. Tangu mapatano hayo nchi hizo mbili hazikupigana tena. Yordani ilifanya amani mwaka 1994, na nchi nyingine za Waarabu mwaka 2020. Tarehe 13 Septemba 1993 Yitzhak Rabin, jemadari wa zamani, alimpa mkono Yasser Arafat, mkuu wa wapiganaji wa Palestina.

Lakini tazama malipo ya wapatanishi. Sadat aliuawa mwaka 1981, si na Mwisraeli, bali na askari wa Misri. Rabin aliuawa mwaka 1995, si na Mwarabu, bali na Myahudi. Aliyefanya vita alisifiwa na watu wake. Aliyefanya amani aliuawa na watu wake. Hapo twaona kwamba adui wa amani hakai ng'ambo ya mpaka tu. Hukaa pia nyumbani, kwenye sahani moja nasi.

Mapatano ya 1993 hayakufika mwisho. Mambo magumu yaliahirishwa: Yerusalemu, wakimbizi, mipaka, vijiji vya Waisraeli. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kweli, tangu mwaka 2002 ukuta umejengwa.

NENO KWA WAZAZI

Mababa na mama, watoto wenu watawauliza: «Nani ana haki?» Msiwajibu upesi. Waambieni kwamba mtu aliyefukuzwa nyumbani ana haki ya kulia, na mtu ambaye jamaa yake yote iliuawa ana haki ya kutafuta mahali pa kulala bila hofu. Waambieni kwamba haki mbili zaweza kukutana katika shamba moja, na kwamba hapo ndipo kazi ya wazee inapoanza, kazi ya kukaa, kusikiliza, kupima na kugawa. Bunduki haijui kupima.

Sisi pia tuna mashamba yanayogombaniwa; tuna vijiji ambavyo watu husema: «Hawa ni wageni, warudi walikotoka.» Tuna mipaka iliyochorwa na watu wasiotuuliza. Basi tusizisome habari za Yerusalemu kama habari za mbali. Jioni ya leo, katika nyumba fulani ya Kivu au ya Katanga, baba anamsimulia mwanawe ubaya wa kabila la jirani. Mtoto ananyamaza, anasikiliza. Anapokea ufunguo. Baba huyo na afikiri vema: je, mwanawe ataufungulia mlango gani?